Pasi Niliyoirudisha na Majivu

Nina karatasi moja ambayo nimeitunza kwa miaka kadhaa. Ni ukurasa uliochanwa kutoka katika daftari. Maandishi yake ni ya penseli. Herufi ni kubwa, na nyingine zimepanda juu ya mstari. Karatasi hiyo inasema hivi:

"Mwalimu. Pasi yangu umeirudisha na majivu. Shati la mtoto limeharibika. Ni mimi mwanafunzi wako."

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo barua ya kwanza ambayo mama yule aliandika kwa mkono wake tangu azaliwe. Aliniandikia mimi, mwalimu wake. Na kila neno alilosema lilikuwa la kweli.

Leo nataka kukueleza habari za barua hiyo. Nataka pia kukueleza jinsi ya kusafisha na kutunza pasi nyumbani. Kwangu mimi mambo hayo mawili yamekuwa jambo moja.

JINSI NILIVYOIAZIMA PASI

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Umri wangu ni miaka thelathini na kitu. Cheti cha kazi yangu ninacho, nimekitundika ukutani. Wakati ule nilipangiwa kusimamia madarasa ya kisomo huko Mabwerebwere, katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Nilipanga chumba kimoja. Nilikuwa na kitanda, meza, jiko la mkaa na sanduku la vitabu. Pasi sikuwa nayo.

Siku moja nilipata habari kwamba wageni kutoka wilayani watakuja kuliona darasa letu. Nikatazama shati langu. Lilikuwa safi, lakini lilikuwa na mikunjo kama jani kavu la mgomba. Nikamwendea mama mmoja wa darasa langu. Yeye alikuwa na pasi ya mkaa. Ilikuwa pasi nzito ya chuma, na mbele ilikuwa na kijogoo cha kufungia kifuniko. Aliirithi kutoka kwa mama yake mzazi. Nyumba nne za jirani ziliitegemea pasi hiyo.

Mama akanipa. Akasema, "Chukua mwalimu. Ila ukimaliza uisafishe."

Nikajibu, "Bila shaka, mama."

Usiku nikapiga pasi shati na suruali. Nilipomaliza, niliona mkaa mwingi umebaki. Nikaona ni hasara kuuacha uteketee bure. Nikamwaga maji ndani ya pasi ili niuzime. Pasi ikatoa mlio na mvuke mwingi. Nikaokota vipande vikubwa vya mkaa, nikafunga kifuniko, nikalala. Asubuhi nikamtuma mtoto wa jirani airudishe. Mimi nilikuwa na haraka ya wageni.

Wageni walikuja. Walilisifu darasa. Mmoja wao alisifu hata mavazi ya mwalimu.

Siku hiyo hiyo mama yule alipata habari kwamba dada yake anaumwa huko Kimamba. Aliipokea pasi, akaiweka chini ya kitanda bila kuifungua, akaondoka kwenda kuuguza. Alikaa Kimamba wiki mbili. Alirudi jioni moja. Kesho yake binti yake alikuwa na mahafali ya darasa la saba.

Alfajiri mama aliwasha mkaa, akautia katika pasi. Lakini pasi haikupata moto. Akaipepea, ikawa vile vile. Akapuliza kwa nguvu kwenye matundu. Matundu yalikuwa yamezibwa na majivu yaliyoganda. Alipopuliza, mabonge ya majivu na kutu yakatoka upande wa pili, yakaangukia shati jeupe la mtoto lililokuwa bado na unyevu. Mama akajaribu kuyapangusa. Kisha akapitisha pasi juu yake, akidhani doa litapungua. Lakini uso wa chini wa pasi nao ulikuwa umeshika kutu. Doa likawa refu kama kiganja, rangi ya udongo mwekundu, kifuani.

Shati jingine halikuwapo. Binti alivaa sweta la shule juu ya shati lile. Alikaa na sweta hilo tangu asubuhi hadi saa tisa, katika jua la Kilosa. Wenzake walimcheka. Yeye hakulivua.

Jioni mdogo wake alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne.

MAMA ALIVYONIJIBU

Nilipoisoma barua ile, uso wangu ulipata moto. Nilikwenda kwake saa ile ile. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alileta pasi, akaifungua, akaiweka mbele yangu. Ndani kulikuwa na udongo wa kijivu uliokauka na kushika kama saruji. Pembeni kutu ilikuwa imeanza kutafuna chuma.

Nikasema, "Mama, nimekosa. Lakini kwa nini hukuja kuniambia kwa mdomo? Nyumba zetu ziko karibu."

Akasema, "Mwalimu, wewe ulituambia tujifunze kuandika ili tusitume mtu kutusemea. Basi nimejisemea."

Nikataka kumnunulia pasi mpya. Alikataa. Alisema, "Hii ilikuwa ya mama yangu. Wewe isafishe tu, nami nitakaa hapa nikuone."

Basi, ndugu msomaji, siku hiyo mwalimu alikuwa mwanafunzi. Nilikaa uani kwake mpaka giza likaingia, nikisugua pasi. Na wiki iliyofuata nilimwomba mama yule awafundishe wenzake darasani. Tuliandika maneno ubaoni: pasi, mkaa, majivu, kutu, matundu. Mengi ya haya ninayokuandikia niliyajua siku hizo mbili. Mengine nimejifunza baadaye.

JE, KUPIGA PASI NI MARINGO?

Wako watu wanaosema kupiga pasi ni maringo ya watu wa mjini. Mzee mmoja wa darasa letu alisema hivyo. Lakini fikiri kidogo. Pasi hunyoosha nguo, ni kweli. Lakini pasi pia ni kinga ya afya.

Katika nchi yetu yuko nzi mmoja wa rangi ya hudhurungi, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani. Nzi huyu hutaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu na kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Hutoka vibuu vidogo ambavyo si rahisi kuviona. Kibuu kinaweza kungoja katika nguo kwa wiki mbili hivi. Mtu akivaa nguo hiyo, kibuu huingia katika ngozi yake. Hapo huota uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati. Ndani yake buu hukua. Mtoto mchanga huteseka zaidi, kwa sababu ngozi yake ni laini.

Moto wa pasi huua mayai na vibuu hivyo. Kwa hiyo piga pasi nguo pande zote mbili. Usisahau mishono, mikunjo ya kiunoni, nepi, nguo za ndani na mashuka. Kama huna pasi, anika nguo juani kwenye kamba mpaka zikauke kabisa. Usizitandaze juu ya nyasi wala mchanga. Na ukiona uvimbe wa namna hiyo, nenda zahanati. Usiukamue, kwa sababu buu linaweza kupasukia ndani.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusoma ili wasome tu. Nasi tusome kuhusu pasi kwa namna hiyo hiyo. Tusome, kisha tufanye.

IJUE PASI YAKO

Kabla ya kuisafisha pasi ya mkaa, ijue sehemu zake.

Kuna tumbo la pasi. Humo ndimo mkaa hukaa. Kuna matundu ya pembeni. Hayo huingiza hewa ili mkaa uwake. Kuna kifuniko chenye bawaba nyuma. Mbele kuna komeo, na katika pasi nyingi komeo hilo lina umbo la jogoo. Kuna mpini wa mbao. Mwisho kuna uso wa chini, ndio unaogusa nguo.

Kila sehemu ina adui yake. Adui wa tumbo ni majivu na maji. Adui wa matundu ni majivu. Adui wa bawaba ni kutu. Adui wa mpini ni skrubu zilizolegea. Adui wa uso ni wanga ulioungua, nailoni iliyoyeyuka na kutu.

KUSAFISHA TUMBO NA MATUNDU

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwaga maji katika pasi ya moto. Usifanye hivyo kamwe. Chuma cha moto kikipata maji ghafla kinaweza kupasuka. Mvuke unaweza kukuunguza mkono na uso. Tena majivu yakilowa huwa tope, na tope likikauka huziba matundu na kuleta kutu.

Fanya hivi. Ukimaliza kupiga pasi, toka nje. Fungua kifuniko kwa kitambaa kikavu. Mwaga makaa ndani ya chungu kikuukuu au debe, kisha kifunike. Moto ukikosa hewa utazimika wenyewe. Mkaa uliobaki utautumia kesho. Hivyo hutapata hasara, na pasi yako itabaki kavu.

Acha pasi ipoe kabisa. Igeuze, uigonge polepole kwa kiganja ili majivu yatoke. Chukua ufagio mdogo wa njukuti, ufagie ndani na pembeni. Kisha chukua waya mwembamba au msumari, upitishe katika kila tundu. Pasi ambayo matundu yake yako wazi hupata moto upesi na hutumia mkaa kidogo. Mwisho futa kwa kitambaa kikavu.

Kazi hii haichukui hata dakika kumi. Mimi nilikwepa dakika kumi, nikasugua pasi kwa saa tatu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KUSAFISHA USO WA PASI

Uso wa pasi ukiwa mchafu, nguo yako itachafuka hata kama umeifua kwa sabuni nyingi. Mara nyingi uchafu huo ni wanga. Watu wengi hutia nguo wanga wa muhogo ili zisimame vizuri. Nguo ikiwa bado mbichi sana, au wanga ukiwa mzito, wanga huganda kwenye pasi na kuungua. Huwa mweusi na wenye kunata.

Njia ya kwanza ni jani bichi la mgomba. Pasi ikiwa na moto, ipitishe juu ya jani mara tano au sita. Jani lina unyevu na lina nta. Unyevu hulainisha uchafu, na nta hufanya pasi iteleze. Lakini angalia sana! Utomvu wa mgomba hutia nguo madoa ambayo hayatoki kwa urahisi. Kwa hiyo ukitoka kwenye jani, pitisha pasi juu ya tambara kuukuu mpaka tambara libaki safi. Ndipo uguse shati.

Njia ya pili ni chumvi. Tandaza karatasi au tambara juu ya meza. Nyunyiza chumvi laini. Pitisha pasi ya moto juu yake mara kadhaa. Chumvi hukwangua uchafu. Kisha futa.

Njia ya tatu ni mshumaa. Funga kipande cha mshumaa ndani ya kitambaa cha pamba. Pitisha pasi yenye moto wa wastani juu ya kitambaa hicho. Nta itatoka kidogo kidogo. Halafu ifute nta yote kwa tambara jingine, isije ikabaki na kutia nguo mafuta.

Na kama kuna kutu? Sisi watu wa Kilosa tunaijua katani. Chukua kipande cha kamba kuukuu ya katani, ukifumue. Chekecha majivu mpaka yawe laini. Pasi ikiwa baridi, sugua kutu kwa katani na majivu hayo, ukitia maji matone machache. Sugua kuelekea upande mmoja. Kutu ikitoka, futa, kisha weka pasi juani mpaka ikauke. Hivyo ndivyo mama alivyonisimamia uani kwake. Kila niliposema imetosha, alipitisha kidole kwenye chuma, akaninyoshea kidole hicho nikione. Kilikuwa chekundu bado.

KUIWEKA PASI

Pasi ikiwa safi, ipake mafuta ya mgando kidogo sana usoni na ndani. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba na kwenye komeo. Tikisa mpini. Kama unacheza, kaza skrubu zake kwa bisibisi. Mpini ukichomoka pasi ikiwa na moto, utaungua wewe au mtoto. Komeo likilegea, makaa yatamwagika juu ya nguo.

Ifunge pasi kwa kitambaa kikavu. Iweke mahali pakavu, juu, mbali na watoto. Usiiweke juu ya sakafu ya udongo, kwa sababu udongo hutoa unyevu. Kabla ya kuitumia tena, yafute mafuta na uijaribu kwanza kwenye tambara.

HATARI USIYOIONA

Sasa nakuomba usome polepole, kwa sababu jambo hili linaweza kuua.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ukiivuta, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ya oksijeni. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Akilala katika chumba hicho, huenda asiamke.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga pasi usiku, mlango na dirisha vimefungwa kwa kuogopa mbu. Mara nyingi niliumwa kichwa. Nilidhani ni malaria. Nilikwenda kupima, nikaambiwa sina malaria. Sikujua kwamba ugonjwa wangu ulikuwa ndani ya pasi.

Basi washa mkaa nje, katika jiko. Ngoja mpaka uwe mwekundu wote na moshi uishe. Lakini usidanganyike. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa sumu. Kwa hiyo piga pasi barazani, au mahali penye milango na madirisha wazi. Usimlaze mtoto katika chumba unachopigia pasi. Na usiingize jiko wala pasi yenye makaa katika chumba cha kulala. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali.

Chagua pia mkaa wa mti mgumu. Mkaa mwepesi huruka cheche, na cheche moja hutoboa nguo. Watu wa pwani hupenda kutumia vifuu vya nazi, kwa sababu makaa yake hukaa na moto muda mrefu.

KAMA UNA PASI YA UMEME

Siku hizi vijiji vingi vimepata umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika mahali pengi. Pasi ya umeme yenyewe si kitu kipya. Mmarekani mmoja aliyeitwa Henry W. Seeley alipewa hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882.

Pasi ya umeme haina majivu, lakini nayo yataka kutunzwa. Kabla ya kuisafisha, ichomoe na uiache ipoe. Futa uso wake kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha kwa kitambaa kikavu. Usiitumbukize katika maji. Kama uso wake umepakwa rangi laini ya kuteleza, usiukwangue kwa majivu, chumvi, kisu wala waya. Ukikwaruzika, utashika nguo daima.

Tazama waya wake kila mara. Ukiona umepasuka, usiutumie mpaka fundi autengeneze. Unapochomoa, shika kichwa cha plagi, usivute waya. Usipige pasi miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Na umeme ukikatika, ichomoe pasi papo hapo. Watu wengi husahau. Umeme hurudi wao wakiwa shambani, na pasi huunguza meza, kisha nyumba.

Jua pia gharama yake. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme mfululizo kwa saa moja, itatumia uniti moja ya LUKU. Kwa hiyo kusanya nguo nyingi uzipige siku moja. Na usiitupe pasi yako ya mkaa. Siku umeme ukikosekana, utaihitaji.

SHATI LA BINTI

Labda unajiuliza, lile shati je?

Mama alikamua ndimu juu ya doa, akatia chumvi, akalianika juani. Likikauka, aliongeza ndimu. Jioni alilisuuza kwa maji mengi. Alifanya hivyo siku tatu. Kutu ilitoka, ikabaki alama hafifu ambayo mtu mgeni haioni. Nawe ukipata doa la kutu kwenye nguo nyeupe, jaribu njia hiyo. Kwa nguo za rangi jaribu kwanza sehemu iliyofichika, kwa sababu ndimu huweza kupausha rangi.

Doa la shati lilitoka. Lakini mahafali hayakurudi. Binti yule alikaa na sweta juani kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu wazima nikifundisha usafi, na shati langu limenyooka. Nilimwomba radhi binti mbele ya mama yake. Aliitikia, "Nimekusamehe, mwalimu," huku akitazama chini.

Baadaye nilinunua pasi yangu ya mkaa katika soko la Kilosa. Sasa majirani huja kuiazima. Kila ninapompa mtu, nasema maneno yale yale ya mama: "Ukimaliza uisafishe." Na inaporudi, naifungua mbele ya aliyeileta. Sifanyi hivyo kwa kumdharau. Nafanya hivyo kwa sababu yuko mtu mwingine ambaye ataihitaji kesho alfajiri.

Ndugu msomaji, kitu cha nyumbani kitunze, nacho kitakutunza. Kitu cha kuazima kitunze zaidi, kwa sababu kimebeba heshima yako na shida ya mwenzako. Na mtu akikukosea, usikae na uchungu moyoni. Sasa unajua kuandika. Chukua penseli, useme kweli kwa maneno machache, kama mama yule.

Sasa weka kitabu chini. Nenda uifungue pasi yako, uitazame ndani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mwalimu alikosea mara ngapi tangu alipoiazima pasi? Taja makosa yake.
2. Kwa nini si vizuri kuzima mkaa kwa maji ndani ya pasi?
3. Mkaa usio na moshi una hatari gani ndani ya nyumba?
4. Katika kijiji chenu watu husafisha uso wa pasi kwa kutumia nini? Waeleze wenzako.
5. Andika barua fupi kwa mtu uliyemwazima kitu. Mweleze namna ya kukitunza.